Mdogo wangu, achana na hilo jedwali la viambishi vya Kituruki

Achana nalo leo hii. Unasema umepata nafasi ya kusoma Uturuki, unaanza lugha mwenyewe nyumbani, na mtu mtandaoni amekuuzia jedwali ukariri -lar (wingi), -da ("katika") na -ım ("yangu"), eti irabu "zitakaa sawa zenyewe". Hazikai! Niliuziwa la aina hiyo hiyo, na mwaka wa maandalizi ya lugha nikarudia ngazi wenzangu wakisonga mbele. Inaniuma mpaka leo, mtu kula pesa ya mwanafunzi huku akimficha kiini cha lugha.

Kiini ni tangamano la irabu, yaani irabu ya kiambishi kufuata irabu iliyoitangulia. Irabu ya mwisho ya neno ikiwa a, ı, o au u, wingi ni -lar: kitaplar (vitabu), okullar (shule). Ikiwa e, i, ö au ü, ni -ler: evler (nyumba), gözler (macho). Viambishi vingine vina sura 4: a na ı huvuta ı, e na i huvuta i, o na u huvuta u, ö na ü huvuta ü. Ndiyo maana wanauliza var mı (ipo?), güzel mi (ni nzuri?), yok mu (haipo?).

Sasa tazama jedwali linavyokuangusha. "Shule yetu" ni okulumuz. "Shule zetu" je? Aliyekariri ataandika okullarumuz, kwa kuwa okul ina u. Wapi! Ni okullarımız. Kiambishi hakijali shina, kinafuata irabu iliyo jirani yake, na hapo jirani ni a ya -lar. Ongeza "katika", unapata okullarımızda.

Na wewe Mswahili jambo hili unalo mdomoni tangu utotoni. Pika, pikia, kata, katia, funga, fungia. Lakini soma, somea, leta, letea. Nani alikukalisha chini ukariri? Sikio lilifanya kazi. Basi lipe kazi tena: tamka neno zima kwa sauti, na kabla ya kuongeza kiambishi, sikiliza irabu ya mwisho.

Vighairi vipo. Kiambishi -yor, cha kitendo kinachoendelea, hakibadiliki, na saat, neno la Kiarabu kama saa yetu, wingi wake ni saatler. Hivyo utavizoea njiani.

Jedwali lifungie maandazi. Chukua ev (nyumba), köy (kijiji), oda (chumba) na yol (njia), weka wingi, kisha "yetu", kisha "katika", ukitamka. Lete majibu hapa hapa nikusahihishie.