Foili yenye masizi

SWALI: Mwanangu wa miaka 19 nimemkuta na vipande vya foili vyenye masizi. Baba yake anataka tumfungie ndani hadi aache. Mama, Igoma.

JIBU: Pole sana, mama. Msimfungie. Mstari mweusi kwenye foili mara nyingi ni heroini, ila apimwe mkojo kwanza. Arosto, yaani mateso ya kukosa dawa ya kulevya, huanza saa 8 hadi 24 baada ya kuvuta mara ya mwisho na hukolea siku ya 2 au ya 3: kutapika, kuhara, mifupa kuuma. Kinachoua zaidi ni kurudia kipimo kilekile mwili ukishakisahau, pumzi hukata. Zungumzeni naye akiwa hajalewa, kisha mpelekeni kliniki ya methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini), Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza. Kwa kawaida dozi hunywewa palepale kila siku, mbele ya mhudumu. Kwa ushauri pigeni 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bure.