Ctrl+Shift+N: Chrome na Firefox hazisemi lugha moja

Ndugu yangu wa saiba ya Kondele, umeuliza kama kibodi imeharibika, kwa kuwa Ctrl+Shift+N ilileta kurasa za zamani badala ya dirisha la faragha (lisilohifadhi historia ya kurasa). Kibodi yako haina ubovu wowote. Ctrl+Shift+N kwenye vivinjari vya Chrome na Edge hufungua dirisha la faragha, lakini kwenye Firefox hurudisha dirisha lililofungwa mwisho. Ndiyo maana mteja wako aliyetaka kuingia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) aliletewa kurasa za mwenzake aliyeondoka. Aibu hiyo naijua, ilinipata foleni ikiwa imefika mlangoni! Faragha ya Firefox ni Ctrl+Shift+P. Ukiibonyeza hiyo kwenye Chrome, unaitiwa printa. Ctrl+T (kichupo kipya), Ctrl+W (kufunga kichupo) na Ctrl+L (kwenda kwenye sehemu ya anwani) hufanya kazi ileile kwenye vivinjari vyote vitatu. Ningekuwa wewe, mashine za wateja ningeziachia kivinjari kimoja tu.