Kabla hujanunua kompyuta mpya ya kurekodia, ikague hiyo uliyo nayo

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na wanaoanza kurekodi muziki nyumbani ni hili: "Sauti inapasuka na kukatika, ninunue kompyuta gani?" Kabla ya kutaja kompyuta yoyote huwa naomba kujua mambo mawili: bafa imewekwa kwenye ngapi, na programu ya kurekodia inatumia draiva ipi, yaani ile programu ndogo inayoiunganisha kompyuta na kifaa. Wengi hawajawahi kuangalia. Nimewasaidia wanamuziki wenzangu kuandaa kompyuta zao kwa muda mrefu sasa, na ninaamini kwa dhati kwamba kompyuta ya kawaida ya miaka ya karibuni, yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD, inarekodi wimbo mzima wa bendi bila tabu. Fedha za kompyuta mpya zingefaa zaidi kwenye maiki nzuri, au kwenye kutuliza mwangwi wa chumba.

Kwanza sababu, maana ukiielewa hutabahatisha tena.

Kadi ya sauti, yaani kifaa kinachogeuza sauti ya maiki au gitaa kuwa namba, ikirekodi kwa 48,000 Hz hupima sauti mara 48,000 kila sekunde. Vipimo hivyo haviingii kwenye kompyuta kimoja kimoja, bali hukusanywa mafungu mafungu, na ukubwa wa fungu ndio huo unaoitwa bafa. Bafa ya 256 ni fungu lenye urefu wa milisekunde 5.3. Ndani ya muda huo kompyuta inapaswa iwe imepokea fungu, imelipitisha kwenye plagini zote (programu ndogo za kubadilisha sauti), imechanganya traki zote (kila sauti au ala iliyorekodiwa peke yake) na kuirudishia kadi matokeo. Ikichelewa hata mara moja, kadi inakosa cha kupiga, nawe unasikia "tap!" kwenye hedifoni. Haisaidii kitu kwamba sekunde nzima iliyotangulia prosesa ilikuwa imekaa bila kazi. Ndiyo maana utakuta kompyuta ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo inapasua sauti, wakati ya zamani iliyopangwa vizuri inarekodi mchana kutwa bila doa. Kinachotakiwa hapa ni kuwahi. Nguvu ni msaidizi tu.

Bafa na draiva

Bafa ndogo humpa mwimbaji sauti yake mapema lakini huibana kompyuta. Bafa kubwa huipumzisha kompyuta lakini huchelewesha sauti. Kwa hiyo usitafute namba moja ya kudumu. Ninaporekodi huweka 64 au 128, na ninapomiksi naipandisha hadi 512 au 1,024. Kwa 48,000 Hz, bafa ya 128 ni milisekunde 2.7 na ya 1,024 ni milisekunde 21. Kumbuka sauti inakwenda na kurudi, kwa hiyo zidisha mara mbili, halafu ongeza kidogo kwa ajili ya kazi ya kadi yenyewe. Mpiga gitaa huvumilia milisekunde 10, kwa kuwa hewani sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, na umbali wa mita tatu na kitu kutoka kwenye amplifaya ameuzoea jukwaani. Mwimbaji aliyevaa hedifoni hana uvumilivu huo, kwani sauti yake anaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na ile inayochelewa inagongana na hiyo. Akianza kuimba nyuma ya ngoma au kuvua sikio moja la hedifoni, usimlaumu. Angalia bafa.

Kama kompyuta haimudu bafa ndogo, kadi nyingi za nje zina kitufe au kinobu kinachompelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki, kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kitumie. Sharti ni kuzima usikilizaji wa traki hiyo ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili.

Upande wa draiva, Windows ndiyo yenye vipengele vingi. Chagua ASIO, mfumo ulioanzishwa na Steinberg ili sauti isipite kwenye njia ndefu ya kawaida ya Windows. Pakua draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi yako, isakinishe, kisha ingia kwenye mipangilio ya programu ya kurekodia na uichague kwa jina lake. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi: draiva ipo, kadi inawaka taa, lakini programu bado inatumia saundi ya ndani ya laptopu. ASIO4ALL ni msaada mzuri kwa kadi isiyo na draiva yake. Kama mtengenezaji ametoa draiva, achana na ASIO4ALL. Mac inatumia Core Audio iliyo ndani ya mfumo wenyewe, na Linux ina JACK na PipeWire. Huko bafa ndiyo ya kushughulikia zaidi.

Sauti inapopasuka hata kwa traki moja

Rafiki yangu mpiga gitaa alikuwa na laptopu nzuri yenye GB 16 za kumbukumbu. Traki moja tu, plagini hakuna, bafa 512, na bado sauti ilipasuka kila baada ya sekunde chache. Mita ya prosesa ndani ya programu ilikuwa chini kabisa. Dalili hiyo, yaani prosesa haina kazi lakini sauti inakatika kwa mpangilio unaojirudia, inaelekeza kwa draiva ya kifaa kingine. Kwenye Windows kila draiva inaruhusiwa kusimamisha shughuli nyingine kwa kitambo ili itimize jambo lake la haraka, na ikiing'ang'ania prosesa kupita kiasi, fungu la sauti linakosa zamu yake.

Tulifunga kila kitu tukawasha LatencyMon, programu ya bure inayopima ucheleweshaji huo, tukaiacha ikifanya kazi huku tunaongea. Mstari ukawa mwekundu. Kwenye ukurasa wa draiva tuliipanga orodha kuanzia iliyoshika prosesa kwa muda mrefu zaidi, na iliyokaa juu kabisa ilikuwa ya Wi-Fi. Tukaizima kwenye orodha ya vifaa ya Windows, tukarudi kwenye gitaa: safi. Baadaye alisakinisha draiva mpya ya Wi-Fi kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, na tangu hapo anarekodi hata mtandao ukiwa umewashwa. Hakununua kitu.

Wi-Fi si mtuhumiwa pekee. Kadi ya picha, usimamizi wa betri na Bluetooth hujitokeza mara nyingi kwenye orodha ileile. Zima kimoja, pima, kiwashe tena, nenda kwenye kingine. Ukizima vitano kwa pamoja na tatizo likaisha, hujui kilichokuponya, na siku likirudi utaanza upya. Mimi huandika kila badiliko kwenye karatasi iliyo kando ya kibodi, na ninamsihi kila mtu afanye hivyo.

Mipangilio ya umeme nayo inastahili kuangaliwa mapema. Laptopu hupunguza mwendo wa prosesa ili kuokoa betri, na inapohitaji kuuongeza tena hupoteza muda ambao sauti haina. Chagua mpango wa utendaji wa juu, kisha ingia ndani zaidi uzime ile ruhusa ya kulaza matundu ya USB. Kadi ya sauti inayopotea ghafla katikati ya wimbo mara nyingi imelazwa na mpangilio huo, au imechomekwa kwenye kigawanyio cha USB kinachogombaniwa na kipanya, kamera na diski ya nje. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Usihangaike pia na hofu kwamba kadi ya USB 2.0 ni ya polepole: njia hiyo ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde, na traki moja ya biti 24 kwa 48,000 Hz inatumia megabiti 1.15 tu. Kebo mbovu ndiyo ya kuogopa.

Programu ya kuzuia virusi usiizime. Iambie tu isichunguze folda ya miradi yako. Na kama folda hiyo inajipakia yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, simamisha upakiaji hadi umalize kurekodi.

Ngurumo, mlio mwembamba na ukimya

Ngurumo nzito isiyobadilika, ya 50 Hz au 60 Hz kulingana na umeme wa nchi ulipo, na mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya, ni matatizo ya umeme. Kipimo chake ni rahisi: chomoa chaja, laptopu ibaki kwenye betri. Kelele ikitoweka, vifaa vyako vina njia zaidi ya moja ya kufika kwenye ethi (waya wa ardhini), na mkondo mdogo unazunguka kati yao kupitia waya za sauti. Chomeka kompyuta, spika na kadi kwenye ekstensheni moja, na kutoka kwenye kadi kwenda kwenye spika tumia kebo za balansi, za XLR au zile za jeki yenye pete mbili nyeusi. Kuna watu wanaoshauri kukata pini ya ethi kwenye plagi. Nawaomba msiwasikilize. Ngurumo itaisha kweli, lakini siku kifaa kikipata hitilafu, umeme utakaotafuta njia utapita kwa aliyeshika gitaa.

Ukimya kamili hukaguliwa kuanzia kwenye maiki kuelekea kwenye kompyuta. Maiki ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi, zinazowashwa kwa kitufe, na bila kitufe hicho haitoi kitu. Kisha kebo, kisha geini (kinobu cha kukuza sauti ya maiki), kisha namba ya tundu: traki imewekwa isikilize tundu la 1 na wewe umechomeka la 2? Taa ya geini ikicheza kwenye kadi lakini traki imelala kimya, tatizo liko ndani ya kompyuta. Hapo angalia ruhusa. Tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, Mac huuliza kwanza kabla programu haijaruhusiwa kutumia maikrofoni. Aliyebofya "hapana" bila kusoma atarekodi kutwa na kupata mstari ulionyooka, bila onyo lolote. Windows nayo ina swichi ya namna hiyo kwenye mipangilio ya faragha.

Wimbo ukicheza haraka na juu kuliko ulivyoimbwa, viwango vya sampuli, yaani idadi ya vipimo kwa sekunde, vimepishana. Faili la 44,100 likipigwa kama la 48,000 hukimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusu toni moja na nusu hivi. Chagua kiwango kimoja mwanzoni mwa mradi, ukiweke kwenye programu na kwenye kadi, usikiguse tena. 44,100 au 48,000 vyote vinafaa. 192,000 inaipa kompyuta mara nne ya kazi ya 48,000, na kwa kurekodi nyumbani sijaona sababu yake. Biti, yaani ukubwa wa namba ya kila kipimo, ziwe 24. Kwa biti 16 nafasi kati ya kimya na kelele ya juu kabisa ni kama desibeli 96, kwa 24 inafika 144 kwa hesabu, kwa hiyo huna haja ya kusukuma geini hadi taa nyekundu. Vilele vikifika desibeli -12 hivi kwenye mita ya programu vinatosha, na mwimbaji akipandwa na hisia bado ana nafasi.

Hedifoni za Bluetooth ziache kabisa wakati wa kurekodi. Nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hakuna bafa itakayoliponya hilo.

Feni ya laptopu ikiingia kwenye maiki, geuza maiki yenyewe. Zile za kadioidi hupokea mbele na kuziba masikio nyuma, kwa hiyo mgongo wa maiki utazame kompyuta na mwimbaji akae upande wa pili. Laptopu nayo iwe juu ya kitu kigumu. Juu ya godoro inaziba matundu ya hewa, inapata joto, prosesa inajipunguza mwendo yenyewe, na mpasuko unarudi.

Ikishatulia

Mfumo ukifika mahali pa kufanya kazi bila kukatika, ulinde. Usiruhusu sasisho kubwa la mfumo katikati ya albamu. Subiri mtengenezaji wa kadi atangaze kwamba draiva yake imekubaliana nalo. Nakili miradi yako kwenye diski nyingine kila unapomaliza kazi. Traki moja ya biti 24 kwa 48,000 Hz hutumia takriban MB 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika tano wenye traki 16 hauzidi MB 700, na nafasi haiwezi kuwa kisingizio.

Mradi ukiwa mzito, gandisha traki zenye ala nzito za kompyuta: programu inazigeuza kuwa sauti ya kawaida na kuipumzisha prosesa, nawe unaweza kuzirudisha wakati wowote. Plagini zinazotazama mbele, yaani zinazosubiri sauti inayofuata kabla ya kufanya kazi, kama limita na baadhi ya ikwalaiza, zifungue wakati wa kumiksi tu, kwani huongeza ucheleweshaji hata kwenye kompyuta bora.

Sasa, kama LatencyMon ni ya kijani, bafa iko 1,024, traki zimegandishwa na bado sauti inapasuka, hapo kweli kompyuta imefika mwisho wa uwezo wake. Hata hivyo anza na kumbukumbu: kutoka GB 8 kwenda 16 kunatosha kwa wengi wanaotumia ala za sampuli, yaani ala za kompyuta zinazopiga rekodi za ala halisi. Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, ibadilishe iwe SSD. Baada ya hapo ndipo uniulize ununue kompyuta gani.