Jibu: Punje nyeusi chini ya paa, ni panya au popo?

Habari mkuu. Umesema kila asubuhi unakuta punje nyeusi chini ya ukingo wa paa, mtego wa panya haunasi kitu, na usiku unasikia vilio vyembamba darini. Kabla ya kununua sumu, chukua punje kavu kwa karatasi uiminye. Ya panya huwa ngumu. Ya popo mla wadudu husagika ikawa unga, na ndani yake utaona vipande vya maganda ya wadudu vinavyometameta.

Ikisagika, kaa nje jua linapozama, utazame ukingo wa paa kwa nusu saa hivi. Usitafute tundu kubwa: pipistreli wa kawaida, aina ya popo mdogo, ana gramu 4 hadi 8 tu, na mwanya wa sentimita 1.5 unamtosha. Mara nyingi mwanya wenyewe una weusi wa mafuta ya manyoya pembezoni. Hatafuni waya wala mbao. Hutumia upenyo uliopo.

Kosa la wengi ni kuziba mchana, popo wakiwa wamelala ndani. Watafia humo, na harufu utaijua. Kuziba usiku nako si salama msimu wa kuzaa, kwa sababu jike humwacha mtoto darini akienda kuwinda. Subiri watoto waanze kuruka, na uulize sheria ya kwenu kwanza, maana nchi nyingi zinawalinda.

Ukimkuta ameanguka, usimshike mikono mitupu. Meno yake ni kama ncha za sindano. Akikuuma huenda usione jeraha, na popo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji tiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.