Usikimbilie meza ya majadiliano kabla hujakaa kwenye madai

Mkuu, usiichukue hiyo nafasi ya kwanza. Umesema hospitali moja inakupa cheo cha msimamizi wa mikataba ya bima, uingie moja kwa moja kwenye majadiliano, na nyingine inakutaka kitengo cha madai, wale wanaoidai bima malipo ya wagonjwa waliotibiwa, kwa mshahara mdogo zaidi. Halafu ukamalizia kwamba madai ni "kazi ya ukarani tu". Maneno hayohayo niliambiwa na mtu niliyemwamini, na hospitali nzima ikayalipia.

Nenda madai.

Mimi niliajiriwa kujadili mikataba nikiwa sijawahi kushika hata dai moja lililorudishwa. Bosi akatuletea mshauri. Huyo bwana akatufundisha kwamba kampuni ya bima inaangalia namba moja, asilimia ya ongezeko la bei, na kwamba mengine yote ni lugha ya wanasheria, tuwaachie wenyewe. Tukaingia na namba, tukabishana, tukapata asilimia 10. Watu wakapongezana kwenye korido.

Ndani ya mkataba ule kulikuwa na kifungu kifupi: mtoa huduma atafuata mwongozo wa kampuni "kama utakavyorekebishwa mara kwa mara", marekebisho yataanza siku 30 baada ya taarifa, na asiyepinga kwa maandishi atahesabiwa amekubali. Nilikisoma. Nikakiona cha kawaida, kwa sababu sikujua huo mwongozo umebeba nini. Mtu wa madai angeruka kwenye kiti. Mwongozo ndio unaosema huduma ipi inahitaji idhini ya awali, yaani ruhusa ya bima kabla hujaitoa, dai liwasilishwe ndani ya siku ngapi, na vitu gani vinahesabiwa kuwa sehemu ya huduma kuu na hivyo havilipwi peke yake.

Taarifa ya marekebisho ikaja kwa barua pepe, kwenye anwani ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuifungua. Muda wa kuwasilisha madai ukashuka kutoka siku 90 hadi 45. Orodha ya upasuaji unaohitaji idhini ikarefuka. Programu yao ya kuhakiki ikaanza kukunja mistari ya dai pamoja.

Chukua mgonjwa mmoja wa kidole tumbo. Kafika usiku, kapasuliwa usiku huohuo. Zamani dai lake lilikuwa na mistari yake: daktari wa upasuaji, dawa ya usingizi, chumba cha upasuaji, vifaa, kitanda. Sasa linarudi, chumba na vifaa vina sifuri, pembeni pameandikwa "imejumuishwa kwenye huduma kuu". Hiyo huduma kuu nayo imekataliwa kwa kukosa idhini ya awali. Unasema hii ilikuwa dharura, na dharura haisubiri idhini. Ni kweli, lakini aliyejaza fomu aliandika msimbo wa ugonjwa K37, yaani ugonjwa wa kidole tumbo usiofafanuliwa, badala ya K35, ule wa ghafla. Kwa programu yao, dharura haikuwepo. Mpaka faili lipatikane na daktari aandike maelezo, muda wa kusahihisha dai umepita.

Sasa piga hesabu. Tuseme zamani ulikuwa unadai 100 unalipwa 94. Bei imepanda, unadai 110, lakini katika kila 100 unayodai, 18 inakatwa. Kinachoingia benki ni 90 na ushee. Umepata ongezeko ulilolipigania, na unapokea pungufu kuliko ulipoanza, huku ukiwalipa watu wa ziada wa kufukuzia madai.

Yule mshauri namlaumu mpaka leo. Alikuwa na vipindi vya namna ya kukaa, wakati wa kunyamaza, nani ataje namba kwanza. Hakuwahi kutufungulia hata taarifa moja ya malipo, ile ya bima inayoonyesha dai kwa dai nini kimelipwa, nini kimekatwa na kwa nini. Wakati huohuo tulikuwa na mama mmoja kitengo cha madai aliyezisoma kutwa, na hakuitwa kwenye kikao hata kimoja. Alipoonyeshwa mkataba, tayari umeshasainiwa, aliuliza: "Hizi siku 30, ni nani kati yenu atakayeandika kupinga?" Hakuna aliyemjibu. Swali lake la bure lilizidi mafunzo yote tuliyolipia.

Na usidhani ujuzi wa kazi hii ni kujua bei. Marekani, tangu Januari 2021, kanuni inazitaka hospitali zichapishe bei walizokubaliana na kampuni za bima, na tangu Julai 2022 kampuni za bima nazo zinatakiwa kuchapisha za kwao. Bei ziko hadharani na majadiliano hayajaisha, kwa sababu bei ileile chini ya masharti mawili tofauti inaleta pesa mbili tofauti. Medicare, bima ya serikali ya hukohuko, hasa kwa wazee, ilianza mwaka 1983 kulipa hospitali kiasi kilichopangwa kwa kundi la ugonjwa, na kwa kawaida hakiongezeki kwa sababu tu mgonjwa amelala siku mbili zaidi. Hapo anayeweka msimbo ndiye anayebeba kipato cha wodi. Kwenye malipo kwa kichwa, unapewa kiasi kwa kila mwanachama aliyesajiliwa, awe mzima au mgonjwa, kwa hiyo vita inahamia kwenye orodha ya majina. Kila mfumo una mahali pake pa kuvuja, na pa kupaonea ni kwenye madai.

Mkataba uliofuata niliingia na madai yaliyokatwa mkononi, yule mama kakaa pembeni yangu. Tuliomba marekebisho yoyote ya mwongozo yanayogusa malipo yasianze bila saini yetu, taarifa zije kwa ofisa aliyetajwa kwa cheo, na dharura ipimwe kwa hali aliyofika nayo mgonjwa, si kwa msimbo wa mwisho. Waliyakubali hayo kwa urahisi kuliko asilimia tuliyoipigania mwanzo. Walikuwa wanatazama madai waliyoyakata wao wenyewe, hawakuwa na cha kubisha.

Uliuliza pia habari za vyeti. Cha kuweka misimbo kitakufaa, lakini hakitakuonyesha dai linavyokufa. Hilo utaliona ukikaa na wanaolifufua.

Kesho wapigie hao wa kitengo cha madai, uwaulize jambo moja: je, utaruhusiwa kukaa kwenye vikao vya kusuluhisha madai yaliyokatwa, pamoja na watu wa bima? Wakisema ndiyo, chukua kazi hiyo hata kama mshahara ni ule mdogo.