Usumbufu hauna miguu

Swali: Mwalimu, siku hizi wizara na halmashauri zinatutangazia mambo Instagram na X, na kila tangazo huishia na "tufuatilie kwenye mitandao yetu ya kijamii". Hiyo "mitandao yetu" ni sahihi? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Si sahihi. Mtandao, neno lililozaliwa na kutandaa, ni Instagram yenyewe, na Instagram ni mali ya kampuni ya Meta. Halmashauri ina ukurasa tu humo ndani. Mpangaji hasemi "nyumba zangu". Waandike "kurasa zetu", tuendelee.

Lakini ndugu msomaji, umeuona mstari wa mwisho ukauruka ule wa juu yake, ambao ndio unaonipandisha presha: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Kujitokeza! Hiyo "ji" haikuwekwa kama pambo. Anayejitokeza amejileta mwenyewe. Shahidi amejitokeza. Wananchi wamejitokeza kupiga kura: wameamka alfajiri, wamevaa, wamepanga foleni. Usumbufu je, nao uliamka saa ngapi? Kuna fundi aliyetumwa kufunga koki, na kuna mkubwa aliyemtuma, ila wote wawili wamejibanza nyuma ya silabi moja.

Juzi mamlaka moja ya maji ilibandika tangazo la namna hiyo: picha ya barua yenye nembo, mhuri na saini, herufi ndogo mpaka uzitanue kwa vidole viwili. Barua ina tarehe ya jana yake, inasema maji yatakatika asubuhi hii. Kuwekwa mtandaoni, imewekwa saa nne, mimi nina povu kichwani. Chini yake mtu alikuwa ameshaandika: "Umeshajitokeza." Huyo ningempa safu hii aandike yeye.

Na radhi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kule kuridhika kwa aliyekosewa. Utaiombaje bila kusema nani kakosa? Andikeni "usumbufu tutakaowasababishia". Mkiona mdomo mzito, basi "utakaotokea" nitaumeza, kwa shingo upande. Hata "kesho tunakata maji, samahanini" ingetosha, tena ingeandikwa kwa herufi kubwa.