Testi Zote Kijani na Pesa Haziingii: Stabu Yako Umeitoa Wapi?

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, nimeandika testi za malipo kila mahali, zote kijani, lakini mteja akilipa kwa M-Pesa oda inabaki vilevile haijalipwa. Sasa testi zina faida gani?" Nikamwambia nitumie hiyo faili ya testi niione, na nilipoifungua roho iliniuma kweli, manake hiyo hali naijua vizuri, ndo iliyonitoa kwenye kazi niliyokuwa naipenda.

Kwanza tuelewane, kwa sababu naona watu wengi wanachanganya. Testi ni programu ndogo inayojaribu mfumo wako, ikipita inaonyesha kijani, ikianguka nyekundu. Mfumo wako unaongea na vitu vya nje, M-Pesa, SMS, imeili, na kwenye testi huwezi kumtoza mtu pesa kila ukibonyeza kitufe, kwa hivyo unaweka kitu cha kusimama badala yake. Stabu ni kama yule mtoto aliyeachwa mlangoni akaambiwa "mtu akija mwambie mama hayupo", aje nani aje saa ngapi, jibu ni lile lile. Moki naye anajibu pia, lakini amepewa na kazi ya kuangalia nani amekuja, amekuja mara ngapi na amesema nini, na mambo yakiwa siyo vile ulivyomwambia atarajie anakuangushia testi. Kuna wenzao wengine pia, fake, spy na dummy, Gerard Meszaros alishazipanga zote kwenye kitabu chake cha mwaka 2007, lakini kwa kazi ya malipo ukizielewa hizi mbili umefika mbali.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Nilikuwa nimeajiriwa Nairobi kwenye kampuni moja, jina siliweki hapa, tunatengeneza mfumo wa kukata tiketi za basi mtandaoni. Tunatumia Laravel, ile fremuweki ya lugha ya PHP, na malipo yanapitia Daraja, ile API ya M-Pesa, yaani mlango ambao programu yako inaongea nayo. Kwa ambaye hajawahi kuigusa, inakwenda hivi: unamtumia mteja ule ujumbe wa kuweka PIN kwenye simu yake, na papo hapo seva yako inajibiwa ResponseCode "0". Hiyo maana yake ombi limepokelewa, basi, mteja hata simu hajaishika. Habari ya pesa yenyewe inakuja baadaye, Daraja wanaita anwani uliyowapa kwenye seva yako, hiyo ndo kolbaki, na ndani yake kuna kitu kinaitwa ResultCode. Angalia hapa kwa makini ndugu yangu. Ile sifuri ya kwanza, ya ResponseCode, iko ndani ya alama za kunukuu, ni maandishi. Sifuri ya ResultCode kwenye kolbaki ni namba, 0 tupu, haina alama. Aliyekuwa anatusimamia aliandika stabu ya kolbaki kutoka kichwani, akaiwekea "0" ya maandishi, kisha kwenye programu akalinganisha na '0' kwa ===, ile alama inayotaka thamani na aina vyote vifanane. Testi zikapita zote, kijani tupu. Na PHP ukiilinganishia namba 0 na maandishi '0' kwa === itakwambia siyo sawa, leo na kesho.

Mimi niliiona mapema. Nilichukua kolbaki ya kweli kwenye logi (kumbukumbu) za sendboksi, yaani uwanja wa majaribio wa Daraja, nikaibandika kwenye testi kama ilivyo, ikawa nyekundu. Nikaipeleka. Jibu nililopewa, tena mbele ya watu, ni kwamba testi yangu ndo mbovu, tunachelewa, na kwamba sisi tuliojifunza kwenye intaneti tunapenda kujifanya tunajua. Testi ikafutwa. Hilo neno mpaka leo sijalisahau na sidhani nitalisahau.

Disemba mfumo ukaenda hewani, na mnajua Disemba barabara ya Mombasa ilivyo. Abiria amelipa, meseji ya M-Pesa anayo kwenye simu, kwenye mfumo kiti kinaonyesha hakijalipwa, baada ya muda mfupi kinaachiliwa anauziwa mwengine. Nilitumwa stendi siku hiyo kusaidia, nikamkuta mama mmoja ana mtoto mgongoni na begi mbili anamuonyesha konda meseji, anaisoma kwa sauti, namba ya risiti herufi kwa herufi, na kwenye kile kiti tayari kakaa kijana mwenye tiketi iliyochapwa vizuri kabisa. Wote wawili walikuwa wamelipa. Kurekebisha ilikuwa mstari mmoja. Hakuna aliyekuja kuniambia pole wala ulisema kweli, nami haikuchukua muda nikaondoka.

Nayasema haya kwa sababu wiki iliyopita nimekabidhi mfumo wa ada wa chuo kimoja hapa Mombasa, nimeujenga mwenyewe tangu mwanzo, na tangu umefunguliwa hakuna malipo hata moja yaliyopotea wala risiti iliyotoka mara mbili. Mhasibu alinipigia kuuliza kama kweli mfumo uko hewani manake hajapata malalamiko. Najivunia, sifichi.

Nilichofanya ni kile kile nilichokatazwa. Ndani ya testi kuna folda naiita majibu, na kila faili humo ni jibu lililotoka Daraja kweli, nimebadilisha namba ya simu tu ya mteja basi. Kuna la aliyelipa, la aliyekataa kwenye simu (1032), la simu isiyopatikana (1037), la salio halitoshi (1), la PIN mbaya (2001). Watu wanaandika stabu ya aliyelipa tu halafu wanalala, wakati hao wanaokataa ni wengi, na kolbaki yao haina hata ile sehemu ya CallbackMetadata, yenye kiasi na namba ya risiti. Programu yako ikienda moja kwa moja kutafuta risiti humo inaanguka. Hata kwenye ile iliyofanikiwa usisome kwa kuhesabu nafasi, ya kwanza kiasi, ya pili risiti, ya tatu tarehe, manake katikati unaweza kukuta Balance (salio) imekaa bila Value (thamani) yoyote na hesabu yako yote inasogea. Tafuta kwa jina.

Alafu kolbaki hiyo hiyo itume mara mbili kwenye testi, na kwenye databesi risiti iwe moja. Mtandao ni mtandao, ujumbe unaweza kurudi tena, na mzazi akiandikiwa ada mara mbili hataelewa habari za mtandao.

Moki mimi natumia sehemu chache sana, pale ambapo kuitwa kwenyewe ndo jambo ninalolitaka. Mfano mwanafunzi akibonyeza Lipa mara mbili kwa haraka, ombi liende Daraja mara moja tu, hapo Http::fake() ya Laravel inazuia lisitoke nje kweli na Http::assertSentCount(1) inanihesabia. Na Http::preventStrayRequests() naiweka mwanzo kabisa, ili ombi lolote nililosahau kuliwekea stabu liangushe testi badala ya kwenda nje kimya kimya. Ukiwa na JavaScript kuna nock na MSW zinafanya kazi ya namna hii, Python unittest.mock imo ndani tangu 3.3, visingizio hakuna.

Lakini jamani, acheni kuweka moki kwenye vitu vyenu wenyewe! Nimeona testi mtu kaweka moki kwenye modeli yake, kwenye databesi yake, kwenye klasi yake ya malipo, mwishowe kinachopimwa ni ile moki aliyoiandika mwenyewe dakika tano zilizopita. Databesi ya testi ipo, itumie. Stabu iwekwe mpakani, pale mfumo wako unapoishia na wa mwengine unapoanza, na jibu lake litoke kwa huyo mwengine siyo kwenye kichwa chako. Nyuma ya hiyo sifuri kuna mtu amelipa pesa yake aliyoitafuta, usimwandikie jibu la kukisia.

Na ukishazipata hizo faili usizisahau humo miaka, manake API zinabadilika na stabu haitakwambia, itaendelea kujibu ya zamani na wewe utaendelea kuona kijani. Mimi nina testi moja nimeiweka kando na zile nyingine, haina stabu, inaenda sendboksi kweli, inaomba tokeni (ruhusa ya kuingia), inatuma ombi, inalinganisha umbo la jibu na faili zangu, jina kwa jina, namba iwe namba na maandishi yawe maandishi. Inakimbia usiku peke yake kwa sababu ni ya polepole na siku nyingine intaneti inakatika tu, kwa hivyo ikianguka mara moja naiendesha tena asubuhi kabla ya kugusa chochote. Ikianguka tena, naifungua logi, nachukua jibu jipya nabadilisha faili kwenye folda, kisha ndo naangalia testi gani zimekuwa nyekundu.